Mafia haiishii Utende, jamani! Anzieni Baleni

  Likizo ndiyo hiyo imefika, na safari hii naona jina lililo midomoni mwa watu hapa holini siyo Zanzibar wala Bagamoyo. Ni Mafia. Safi sana, nimefurahi. Ila kuna jambo limenikaa kooni muda mrefu, na leo nalitema hapa.

Chukua orodha yoyote ile ya mambo ya kuona na kufanya Mafia. Moja, ogelea na papa potwe. Mbili, zamia Ghuba ya Chole uone matumbawe. Tatu, vuka kwenda Chole ukaone popo. Nne, piga picha kwenye magofu ya Kua. Tano, kula chakula cha jioni kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari. Kisha uwanja wa ndege, kwaheri ya kuonana. Na juu kabisa ya orodha kuna sentensi ambayo haikosekani: eti Mafia ni kisiwa ambacho hakijaguswa.

Hakijaguswa na nani?

Hoja yangu ni hii. Mafia imeguswa, tena na mikono mingi sana, na mikono hiyo ndiyo kivutio cha kwanza. Anayetaka kuiona aanzie Baleni, huko ndani kwenye minazi, ndipo ateremke baharini. Akifanya hivyo ataona na jambo jingine ambalo halimo kwenye orodha: watoto wa kisiwa hicho hawapati kuviona vitu ambavyo wageni wanavuka bahari kuja kuvitazama. Hilo linatuhusu sisi tunaosomea ualimu kuliko linavyowahusu wenye mahoteli.

Kisiwa chenye wenyewe

Kwanza tumalize utani wa jina. Hapana, hakuna uhusiano wowote na lile genge la Sicily. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, iko mbele ya delta ya Rufiji, na makao makuu yake ni Kilindoni. Kisiwa kikubwa kimezungukwa na vidogo: Chole, Juani, Jibondo, Bwejuu na vingine. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 46,438 wilaya nzima, na ile ya 2022 ikakuta wamezidi 66,000. Watu wote hao, halafu tunaambiwa hakijaguswa!

Na hawakuanza jana. Huko Ras Kisimani, upande wa magharibi, kulikuwa na mji wa Waswahili karne nyingi kabla Mreno hajaujua mwambao huu. Sehemu kubwa ya mji huo imeliwa na bahari. Kisiwani Juani kuna Kua, mji wa mawe wenye kasri, misikiti na makaburi ambao sasa umefunikwa na miti. Wenyeji wana kisa chao kuhusu miji hii miwili. Inasemekana watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kulishusha majini, kisha wakawakamata watoto wa wageni wao na kuwalaza mchangani, jahazi likapitishwa juu yao. Kua walinyamaza. Miaka ikapita, nao wakawaalika Kisimani kwenye harusi, katika chumba cha chini ya nyumba. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja tu akiwaburudisha wageni, mlango ukajengwa kwa mawe. Kweli au hadithi, kila mtu na imani yake. Kinachojulikana ni kwamba mwisho wa Kua ulitoka nje: katika miaka ya 1820 Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, walivuka na mitumbwi yao wakauvamia mji, wakaua na kuchukua watumwa.

Baada ya hapo mambo yakahamia Chole. Waarabu wa Omani na wafanyabiashara wa Kihindi walikaa pale, pakaitwa Chole Mjini. Na kile kisiwa kikubwa ambacho sisi leo tunakiita Mafia kilikuwa na jina gani? Chole Shamba. Hapo ndipo penye ufunguo wa kila kitu. Kisiwa kikubwa kilikuwa shamba la wakubwa wa mjini, na wafanyakazi wa shamba hilo walikuwa watumwa. Ile minazi inayopendeza kwenye picha za mahoteli, ambayo mgeni anadhani imejiotea yenyewe, mababu wa minazi hiyo walipandwa na watu waliolazimishwa kuipanda.

Mwaka 1890 Mafia ikaangukia mikononi mwa Mjerumani kwenye ule mkataba wake na Mwingereza, na Sultani wa Zanzibar akapewa marki milioni 4 kwa ajili ya kisiwa hiki pamoja na ukanda wa pwani ya bara. Mwaka 1892 Mjerumani akajenga mnara wa taa Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini. Januari 1915 Mwingereza akakiteka kisiwa, akakifanya kituo cha kuitafutia ile manowari Königsberg iliyojificha kwenye mito ya Rufiji, na Julai mwaka huo huo ikaangamizwa kwa mizinga iliyoongozwa na ndege zilizoruka kutoka Mafia. Sultani, Mjerumani, Mwingereza, kila mmoja kapita hapo. Kama hivyo ndivyo kutokuguswa, mimi simo.

Baleni kuna nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kila nikilitaja jina hilo. TP yangu, yale mazoezi ya kufundisha, niliifanyia Mafia na nilipanga chumba Baleni, kwa hiyo najibu kwa nilichokiona.

Baleni hakuna ufukwe wa kupigia picha. Kuna minazi, mihogo, mikorosho, miembe, msikiti, duka la sukari na sabuni, na baraza ambapo wazee wanacheza bao. Ukitoka Kilindoni badala ya kukata kwenda Utende kama watalii wote, unashika njia ya kaskazini kuelekea Kirongwe. Kodi baiskeli, nenda asubuhi jua halijawaka.

Ukifika, omba mtu akuonyeshe nazi. Usicheke. Sisi wa mjini nazi tunaijua ikiwa sokoni, imeshafuliwa, tena siku hizi wengine wanaijua ikiwa kwenye pakiti. Baleni unaiona kuanzia juu. Mkwezi anapanda kwa vishikizo alivyokata kwenye shina lenyewe, anagonga nazi kwa kidole ajue iliyokomaa, anaangusha. Chini kuna mwenzake na kifuo, kile kijiti kilichochongoka kilichosimikwa ardhini, anachoma nazi, anazungusha, kumbi linabanduka. Mtu aliyezoea anamaliza nazi moja kabla wewe hujamaliza sentensi. Mimi nilijaribu, nikaishia kuchoma hewa, watoto wakapata kichekesho cha wiki nzima, teh teh teh!

Halafu fuata kila kipande kinakwenda wapi. Nyama ya nazi ikikaushwa ni mbata, hiyo inakwenda kukamuliwa mafuta. Makumbi yanafukiwa kwenye maji yaoze, yanapondwa, nyuzi zinasokotwa kuwa kamba. Kifuu ni upawa, na ni kuni. Majani ni makuti ya kuezekea, na vijiti vyake ni fagio. Shina likizeeka ni mbao na nguzo. Hakuna kinachotupwa. Tunaomaliza mihula miwili tukifundishwa matumizi endelevu ya rasilimali, tungeweza kulielewa somo zima kwa asubuhi moja pale.

Mchana nenda kwa akina mama wanaosuka. Mikeka ya Mafia ina sifa pwani nzima, na kazi yake siyo ya mchezo: ukindu ukatwe, uanikwe, uchanwe, utiwe rangi, usukwe ukili mrefu kama mkanda, ndipo ukili ushonwe kuwa mkeka. Bibi mmoja niliyekuwa nikipita barazani kwake kila siku jioni nilimkuta na ukili huo huo karibu mwezi mzima. Siku moja akanishika.

"Mwalimu, ati wale wazungu wa Utende wanalipa kwenda kumtazama potwe?"

"Ndiyo, bibi. Wanalipa pesa nyingi tu."

"Kumtazama tu? Hawamvui?"

"Kumtazama tu, bibi. Haruhusiwi hata kuguswa."

Akasuka vidole viwili vitatu, akasema, "Basi waambie waje na huku watazame mkeka. Wakitaka, nawaruhusu waguse."

Huyo bibi ameumaliza mjadala wangu kwa sentensi mbili kuliko maprofesa wetu.

Kuna na viboko. Ndiyo, viboko kisiwani! Ndani ya kisiwa kuna mabwawa ya maji baridi na viboko wachache wanaishi humo. Inaaminika mababu zao walitoka delta ya Rufiji wakavuka bahari. Mgeni anafurahi akisikia. Mkulima wa mpunga hafurahi hata kidogo, kwa sababu kiboko akilala bwawani mchana, usiku anatoka kula, na chakula chake ni jasho la mtu. Mkienda kuwaangalia nendeni na mwenyeji, na mkae mbali. Halafu mumsikilize na mwenye shamba. Kwa mwenye kamera ni kivutio, kwa mwenye jembe ni msiba, na mgeni ambaye kasikia upande mmoja tu hajamwona kiboko wa Mafia.

Na kama mnapenda vitabu, jueni kwamba watu wa mashambani wa Mafia wameandikwa sana kuliko mnavyodhani. Mwaka 1965 mtafiti Mwingereza, Pat Caplan, alifika kijiji kimoja cha kaskazini ya kisiwa, akajifunza Kiswahili cha pale na akaendelea kurudi kwa miongo mingi. Kitabu chake African Voices, African Lives cha mwaka 1997 kimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya maneno ya mkulima mmoja wa kijiji hicho, pamoja na shajara aliyoiandika mwenyewe kwa Kiswahili. Mnasikia? Mkulima wa Mafia alikuwa anaandika habari za kila siku kabla sisi wa kublogu hatujazaliwa. Tusijione tumevumbua kitu.

Sasa teremkeni baharini

Msije mkasema nimewakataza kuogelea. Nendeni, tena nendeni kwa furaha. Ila mtakachokiona kitakuwa na maana zaidi mkitokea Baleni.

Papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kupita meta 12. Ni samaki kamili, anapumua kwa mashavu, siyo nyangumi. Anakula viumbe vidogo vidogo, anaachama na kuchuja maji, kwa hiyo acheni uoga. Msimu wake mbele ya Kilindoni ni kama Oktoba hadi Machi, na wengi wanaoonekana ni madume ambayo hayajakomaa. Watu walidhani msimu ukiisha wanahama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliotumia vifaa vya sauti walivyofungwa papa hao, ukaonyesha kwamba wengi hawaendi mbali, wanabaki jirani wakiwa chini zaidi, macho yetu ndiyo hayawaoni. Tangu 2016 wamo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Basi msimguse, msimpande mgongoni kwa ajili ya picha, msimzibie njia.

Ghuba ya Chole na matumbawe yake zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, yenye kilometa za mraba 822. Humo kuna zaidi ya aina 400 za samaki. Mkipita kizuizi cha njia ya Utende mtalipa kiingilio. Mtanzania analipa kidogo sana kuliko mgeni, basi shikeni vitambulisho.

Ila mjue historia ya kizuizi hicho. Wenyeji wengi waliitaka hifadhi wenyewe, kwa sababu walikuwa wamechoshwa na wavuvi wa baruti waliokuwa wakija kulipua miamba yao. Baadaye wakajikuta na wao wanabanwa, nyavu zao nazo zinaulizwa. Mmarekani Christine Walley aliyeishi Chole miaka ya 1990 ameusimulia mvutano huo kwenye kitabu chake Rough Waters cha mwaka 2004. Sisemi hifadhi ni mbaya, bila hifadhi pengine leo tungekuwa tunasimulia matumbawe kama tunavyosimulia Kua. Nasema ukimwona mvuvi kanuna kizuizini, usimhukumu kuwa ni jangili. Yeye alikuwa mlinzi wa bahari hiyo kabla haijawa na tiketi.

Chole mtawaona popo wakubwa wanaokula matunda, wamening'inia mitini mchana kama nguo zilizoanikwa, pamoja na magofu ya Mjerumani na ya Wahindi. Chole na Jibondo mtakuta mafundi wa majahazi wakichonga mbao kwa tezo bila mchoro wa karatasi. Juani, mbali na Kua, kuna fukwe ambazo kasa wanataga. Mayai yanakaa mchangani takriban miezi miwili, na shirika la Sea Sense linafanya kazi na wanakijiji kulinda viota. Mkibahatika kuona vitoto vikitoka kwenda majini mtanishukuru.

Deni lenyewe

Sasa nafika kwenye lililonifanya niandike.

Siku moja darasani, kidato cha pili, niliachana na maandalio ya somo nikauliza: nani humu ameshamwona papa potwe? Mikono kama minne ilinyooka, wote watoto wa wavuvi. Nani ameshafika Kua? Mikono miwili. Nani ameshavaa ile miwani ya kuogelea akatazama chini ya maji? Hakuna. Darasa zima la watoto wa Mafia! Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwani sisi tunaruhusiwa?"

Swali hilo liliniuma. Mtoto anadhani bahari ya kwao ina wenyewe, na wenyewe hao ni wageni.

Naelewa sababu. Kutoka Baleni hadi bandarini ni nauli, boti ni pesa, na mzazi mwenye mihogo na nazi akipata akiba kidogo ananunua daftari, hakodi boti. Shule nayo haina fungu la safari. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kuwanyima, imetokea tu hivyo. Lakini ikitokea tu hivyo miaka thelathini, matokeo ni yale yale. Yule mtoto anasoma Historia ya Tanzania na Maadili, somo la mtaala mpya ulioanza 2024, anakariri miji ya kale ya mwambao kwa ajili ya mtihani, na Kua iko ng'ambo ya maji anayoyaona akiteremka Utende. Anachora kwenye daftari la Biolojia samaki wa kitabuni, na samaki mkubwa kuliko wote duniani anapita mbele ya Kilindoni. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Hapa wajenzi wapo, ila mti wameambiwa ni wa kutazamwa na wengine.

Na hasara siyo ya mtoto peke yake. Tunahubiri kila siku kwamba wenyeji walinde bahari. Atalindaje kitu ambacho hajakiona? Mashirika yanayoingia shuleni na picha na mabango nayapongeza kwa dhati. Lakini bango haliachami likachuja maji mbele ya macho yako. Mtoto aliyemwona potwe mara moja, akiwa mtu mzima akamkuta kwenye wavu, atafikiri mara mbili kabla ya kuchukua kisu.

Najua mtakachosema

Wapo watakaoniambia, mtoto wa kisiwani anaiona bahari kila siku, ya nini kumpeleka? Ndugu yangu, na wewe unaipita maktaba kila siku, umeingia mara ngapi? Kuiona bahari kwa juu siyo kuijua.

Wengine watasema utalii ni biashara, boti inataka mafuta, mahoteli yanalipa kodi na kuajiri watu. Kweli tupu, wala sipingi. Sisemi wageni wasije. Lakini biashara inayouza bahari ya watu haiwezi kukosa siku mbili tatu kwa mwaka za kuwapeleka watoto wa watu hao. Miezi ya mvua, wageni wakipungua, boti zimefungwa. Potwe ni kazi kumwona wakati huo, sawa, lakini Kua haihami. Siku mvua ikipumzika na bahari ikatulia, darasa moja linavuka na kurudi kabla ya alasiri. Halmashauri, hifadhi, wenye mahoteli na walimu wakuu wakikaa meza moja hili si jambo la kushindikana.

Na wapo watakaoniuliza, wewe mwanafunzi unayesubiri bumu, unasaidia nini? Hapo ndipo nawageukia wenzangu. Sisi tukienda tunakwenda kundi, watu nane au kumi, tunakodi boti moja na kugawana gharama. Tuongeze nafasi mbili kwenye hesabu: mwanafunzi mmoja na mwalimu wake. Tuzungumze mapema na mwalimu mkuu, mzazi atoe idhini, kila mtu avae jaketi la kuokolea, basi. Gharama ikigawanywa kwa kumi, kila mmoja anakosa chipsi kuku za siku mbili tatu. Na miwani ya kuogelea mkimaliza msirudi nayo Dar, mtaifanyia nini bwenini? Iachwe shuleni.

Ya safari kwa ufupi

Ndege kutoka Dar haifiki hata saa moja, ila mshiko wake mnaujua. Njia yetu ni basi la Mbagala Rangi Tatu hadi Nyamisati, kisha kivuko au boti hadi Kilindoni. Ulizeni ratiba siku moja kabla, msipande chombo kilichojaa, na kama pepo za kusi zimechachamaa ahirisheni, bahari haina mjomba. Likizo yetu ndefu inaangukia kusi, kwa hiyo wanaomtaka potwe wavute hadi Oktoba kabla chuo hakijafunguliwa. Wanaoenda Agosti wana nafasi ya kuona nyangumi wakipita. Mavazi yawe ya heshima vijijini, Mafia ni watu wa dini. Mkikuta maulidi ya Mfungo Sita, ombeni ruhusa mkae, msikilize, mle na pilau. Salimieni kila mtu, na shikamoo isiwe ya kuchagua. Pesa zenu za madafu, mihogo na mikeka zilipeni Baleni mkononi mwa mwenye mali, bila kumpiga bei bibi aliyesuka mwezi mzima.

Haya ni maoni yangu, siyo msahafu, mnaokataa pingeni kwa hoja. Wanaokwenda Oktoba na wako tayari kuongeza zile nafasi mbili waandike majina hapa chini na idadi yao, niwaunganishe na walimu wa huko mapema, maana idhini za wazazi huchukua wiki kadhaa kukusanywa.